APT kwenye seva: maktaba zinapokosekana, inakusaidia wapi na inakuacha wapi

Tuanze na ujumbe ambao wasimamizi wengi wa seva za Ubuntu wamewahi kukutana nao:

```
The following packages have unmet dependencies:
 mongodb-org-mongos : Depends: libssl1.1 (>= 1.1.1) but it is not installable
E: Unable to correct problems, you have held broken packages.
```

Uzuri wote wa APT, yaani chombo cha kusakinisha programu kwenye Debian na Ubuntu, na ubaya wake wote umo humo. Mstari wa pili ni sahihi kabisa: unataja kifurushi kinacholalamika, maktaba inayotakiwa na toleo lake. Mstari wa tatu unapotosha. Hakuna kifurushi kilichozuiwa. Ukiandika `apt-mark showhold` hupati kitu. Watu husoma mstari wa mwisho kwa sababu ndio ulio karibu na macho, kisha hupoteza saa nzima wakitafuta kifurushi kibovu ambacho hakipo.

Hukumu yangu ni hii tangu mwanzo: kwa kutatua vitegemezi (vitu ambavyo kifurushi kinahitaji ili kifanye kazi) vilivyoandikwa ndani ya vifurushi, sijaona cha kuishinda APT kwa uaminifu. Imekuwa ndani ya Debian tangu toleo la 2.1 la mwaka 1999, na ikikuambia jambo haliwezekani, karibu kila mara ni kweli haliwezekani. Kwa kueleza sababu ya kushindwa, naipa alama ndogo. Na kwa maktaba zinazotakiwa na programu iliyoingia nje ya mlango wake, yaani faili za tar na programu ulizojenga mwenyewe, haina habari nazo kabisa. Hapo utahitaji vyombo vingine, ambavyo nitavipima hapa pia.

Kusoma kukataa kwake

Turudi kwenye libssl1.1. Hiyo ni maktaba ya OpenSSL 1.1.1, ambayo matengenezo yake ya bure yalikoma tarehe 11 Septemba 2023. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3 na kuiacha ile ya zamani nje. Kwa hiyo kifurushi kinachoitaka kilijengwa kwa ajili ya Ubuntu 20.04, na mara nyingi chanzo cha yote ni neno moja: kwenye faili la `/etc/apt/sources.list.d/` pameandikwa `focal` (jina la Ubuntu 20.04) wakati seva ni `jammy` (22.04). Hakikisha kwa amri mbili:

```
. /etc/os-release; echo $VERSION_CODENAME
apt-cache policy libssl1.1
```

Ya pili ikionyesha `Candidate: (none)`, kifurushi hicho hakimo katika hazina yako yoyote, yaani ghala ambako APT huchukua vifurushi, na hakuna chaguo la APT litakaloweza kukiumba. Njia ya mkato inayosambazwa sana ni kupakua .deb (faili la kifurushi) ya libssl1.1 kutoka hazina ya focal na kuisukuma kwa `dpkg -i`, chombo kilicho chini ya APT. Inafanya kazi. Lakini umejiwekea kwenye seva maktaba ya usimbaji ambayo hazina za toleo lako hazitailetea sasisho la usalama hata moja, na hakuna kitakachokukumbusha. Dawa ni kurekebisha jina la toleo kwenye hazina na kuchukua MongoDB iliyojengewa mfumo wako. Mfululizo wa 6.0 una vifurushi vya jammy.

Kuna maneno mawili ya APT ambayo watu huyachukulia kuwa kitu kimoja, na sicho. `is not installable` maana yake kifurushi hakipo kwenye hazina yoyote uliyoiwasha. `is not going to be installed` maana yake kipo, ila kuna kitu nyuma yake kinachogongana, na APT haikuambii ni kipi. Kwa hilo la pili, kifuate kile kilichotajwa: kiombe chenyewe kwa jaribio lisilogusa mfumo, `apt install -s jina`, kisha uombe kile kitakachotajwa baadaye, mpaka ufike mwisho wa mnyororo. Mara nyingi utakuta kwenye mwisho huo maktaba iliyosakinishwa ikiwa na toleo jipya kuliko lililo kwenye hazina, mabaki ya hazina ya pembeni iliyowahi kuongezwa na kuondolewa. `apt-cache policy` itakuonyesha toleo lililopo bila mstari wa hazina chini yake zaidi ya `/var/lib/dpkg/status`. Kulirudisha chini unataja toleo waziwazi: `apt install libfulani=toleo`.

Tangu APT 2.9.3 kuna kitatuzi kipya kinachoitwa kwa `--solver 3.0`, nacho kimo ndani ya APT 3.0 inayokuja na Debian 13. Kijaribu kila kile cha zamani kinapokukatalia kwa mkato. Kinaonyesha mnyororo wa sababu vizuri zaidi, na hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kukipenda. Kwenye seva za zamani, `aptitude why-not jina` (aptitude ni chombo kinachofanya kazi juu ya APT) inafanya kazi inayofanana. Aptitude ina tabia ya kupendekeza suluhisho, na suluhisho lake la kwanza aghalabu ni kuondoa vitu. Soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla hujaandika `Y`. `N` itakuletea pendekezo linalofuata.

Faili la .deb ulilopakua mwenyewe

dpkg haipakui chochote. Ukitumia `dpkg -i` juu ya kifurushi chenye vitegemezi visivyopo, itakifungua, itashindwa kukisanidi na kukuacha na `dependency problems - leaving unconfigured`. Tumia hii badala yake:

```
apt install ./kifurushi.deb
```

Ile `./` si pambo. Bila hiyo APT inadhani umetaja jina la kifurushi kilichomo kwenye hazina. Ukiona onyo kwamba mtumiaji `_apt` hakuweza kulifikia faili, usijali. Ni kwa sababu faili liko ndani ya saraka ya nyumbani iliyofungwa, na likiwa `/tmp` onyo huondoka.

Kama umeshatumia `dpkg -i`, kuna `apt --fix-broken install`. Hapa ndipo wengi huilaumu APT bure. Amri hiyo imeahidi kuurudisha mfumo kwenye hali isiyo na kasoro, na kama vitegemezi havipatikani popote, njia pekee ya kutimiza ahadi ni kuking'oa kifurushi ulichotoka kukiweka. Imefanya ilichoambiwa.

Kuhusu `dpkg --force-depends` na kifurushi bandia kinachotengenezwa kwa `equivs`: sizipendekezi kwenye seva inayotegemewa. Ya kwanza inaacha pengo ambalo litaifanya APT igome kwa kila kazi inayofuata, pamoja na sasisho za usalama, mpaka urekebishe. Ya pili ni kumdanganya mlinzi wako mwenyewe. APT itaamini maktaba ipo, na programu itakufa ikiwashwa.

Pale APT isipojua lolote

Sasa umechukua MySQL ya faili la tar, umeifungua `/opt` au `/usr/local`, umeiwasha, na inajibu:

```
error while loading shared libraries: libaio.so.1: cannot open shared object file: No such file or directory
```

Huyu anayesema si APT. Ni kipakiaji cha maktaba, `ld.so`, na yeye anajua majina ya faili tu, hajui vifurushi. Kazi yako ni kulitafsiri jina la faili kuwa jina la kifurushi, na hili ndilo pengo kubwa ninaloidai APT: chombo cha kutafsiri kipo, ila hakiji pamoja nayo. Unakisakinisha kando:

```
apt install apt-file
apt-file update
apt-file search libaio.so.1
```

Usisahau `apt-file update`. Bila orodha za yaliyomo hakina cha kutafuta.

Kwenye Ubuntu 24.04 jibu litakushangaza kidogo: kifurushi ni `libaio1t64`, na faili lililomo ndani ni `libaio.so.1t64`. Hayo ni matokeo ya kuhamia hesabu ya muda ya biti 64, ili mifumo ya biti 32 isikwame tarehe 19 Januari 2038, saa ambayo kihesabio cha zamani kinajaa. Vifurushi vingi vilibadilishwa jina tu, kwa mfano `libssl3` ikawa `libssl3t64` huku faili lake likibaki vilevile. Libaio ni miongoni mwa chache zilizobadilishwa hata jina la faili, kwa hiyo unasakinisha kifurushi na MySQL bado haikioni. Hapa kiungo kinatosha:

```
apt install libaio1t64
ln -s /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libaio.so.1t64 /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libaio.so.1
```

Ni salama kwa seva ya x86 ya biti 64, kwa kuwa huko muda ulikuwa wa biti 64 tangu zamani na maktaba haijabadilika kwa ndani. Usiichukue ruhusa hii kila mahali. Ukiunganisha `libssl.so.1.1` kwenda `libssl.so.3` utapata `version 'OPENSSL_1_1_0' not found`, kwa sababu namba iliyo mwishoni mwa jina la maktaba ni mkataba: ikibadilika, kazi zilizomo ndani zimebadilika, na mtunzi wa maktaba amekuambia hivyo makusudi.

Badala ya kungoja programu ilie kwa maktaba moja moja, zipate zote kwa pamoja:

```
ldd /usr/local/mysql/bin/mysqld | grep 'not found'
```

Jihadhari na kitu kimoja. `ldd` inaweza kuiendesha programu inayoichunguza, kwa hiyo usiielekeze kwenye faili usilolijua lilikotoka. Kwa hilo kuna `objdump -p faili | grep NEEDED`, iliyomo kwenye kifurushi cha `binutils`; inasoma tu, japokuwa inaonyesha vitegemezi vya moja kwa moja peke yake, si vya vitegemezi hivyo. Na yote mawili hayaoni moduli zinazofunguliwa programu ikiwa tayari inaenda, kama viendelezi vya PHP. Kwa hizo weka `LD_DEBUG=libs` mbele ya amri; utaona kila saraka inayopekuliwa, moja baada ya nyingine, na pale utafutaji unapokwama.

Maktaba ikiwepo kwenye diski na bado ikasemwa haipo, chunguza kama kipakiaji kinaijua: `ldconfig -p | grep jina`. Ukishaweka maktaba `/usr/local/lib` ni lazima uendeshe `ldconfig`. Debian na Ubuntu tayari zinaitazama saraka hiyo. Familia ya Red Hat haiitazami mpaka uandike njia hiyo kwenye faili ndani ya `/etc/ld.so.conf.d/`. Kuweka `LD_LIBRARY_PATH` kwenye `.bashrc` ni mtego unaojulikana: programu itawaka ukiiendesha kwa mkono na itakataa chini ya systemd, inayowasha huduma za mfumo, maana systemd haisomi `.bashrc` ya mtu yeyote.

Ujumbe mmoja unatatanisha kuliko yote: faili la programu lipo, unaliona kwa `ls`, na sheli inasema `No such file or directory`. Kinachokosekana ni kipakiaji chenyewe. Aidha programu ni ya biti 32 kwenye mfumo wa biti 64 mtupu, ambapo utahitaji `dpkg --add-architecture i386`, kisha `apt update`, kisha `apt install libc6:i386`. Au uko kwenye Alpine, aina ya Linux inayotumia musl, na programu ilijengwa kwa glibc (zote mbili ni maktaba za msingi za C). Amri ya `file` itakuambia ni ipi.

glibc

Hili linahitaji kusemwa peke yake. Ukikuta `version 'GLIBC_2.34' not found`, hakuna kifurushi cha kuongeza. Angalia ulicho nacho kwa `ldd --version`. RHEL 8 ina 2.28, Debian 11 na Ubuntu 20.04 zina 2.31, RHEL 9 ina 2.34, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, Ubuntu 24.04 ina 2.39 na Debian 13 ina 2.41. Programu iliyojengwa juu ya glibc mpya haishuki kwenye ya zamani; ya zamani hupanda kwenye mpya bila shida.

Usiongeze hazina ya toleo jipya la Debian ili uchukue glibc peke yake. Kila kitu kwenye seva kinaitegemea, hata `ls` na APT yenyewe, na usakinishaji ukikatika katikati unaweza kujikuta huna hata amri ya kujiokoa. Tafuta programu iliyojengewa mfumo wako, au pandisha mfumo mzima, au iweke programu hiyo ndani ya konteina yenye mfumo unaoutaka. Konteina si uvivu hapa. Ndiyo njia safi ya kuweka matoleo mawili ya glibc kwenye mashine moja.

Ukijenga kutoka chanzo

Kosa la msingi ni kuwa na maktaba bila vichwa vyake, yaani faili zinazotumika wakati wa kujenga. `libssl3` inaendesha programu. `libssl-dev` ndiyo inayohitajika kuijenga. Kwa nginx, `./configure` itasimama ikidai maktaba ya PCRE hata kama PCRE ya kuendeshea imejaa mfumoni. Unachotaka ni hiki:

```
apt install build-essential libpcre2-dev zlib1g-dev libssl-dev
```

PCRE2 inakubalika tangu nginx 1.21.5. Kabla ya hapo ilikuwa `libpcre3-dev`, jina linalochanganya kweli, kwani hiyo "3" ilikuwa ya PCRE ya zamani na "2" ndiyo mpya.

PHP inauliza kwa njia tofauti: `No package 'oniguruma' found`. Ukiandika `apt install oniguruma` hupati kitu, kwa kuwa jina hilo ni la pkg-config, chombo cha kutafuta maktaba wakati wa kujenga, si la APT. Kila jina la pkg-config ni faili lenye mwisho wa `.pc`, na apt-file inalipata:

```
apt-file search oniguruma.pc
```

Jibu ni `libonig-dev`. Mbinu hii hukuokoa kwa programu karibu zote zinazotumia pkg-config, na inashangaza jinsi maelekezo mengi ya usakinishaji yasivyoitaja.

Kama programu hiyo tayari imo kwenye hazina kwa toleo la zamani, `apt build-dep nginx` itakuletea kila kilichohitajika kuijenga. Sharti lake ni hazina za chanzo ziwe wazi: kwenye faili za mtindo mpya, mstari wa `Types:` usomeke `deb deb-src`, kisha `apt update`.

DNF kando yake

Kwa swali la "faili hili liko kwenye kifurushi gani", DNF, chombo cha familia ya Red Hat, inaishinda APT waziwazi. `dnf provides '*/libcrypt.so.1'` inafanya kazi bila kusakinisha chombo kingine, na kwenye RHEL 9 inakujibu `libxcrypt-compat`. Unaweza hata kuomba maktaba kwa jina lake lenyewe: `dnf install 'libaio.so.1()(64bit)'`. Sababu iko chini zaidi. RPM, aina ya vifurushi ambavyo DNF husakinisha, huandika majina ya maktaba ndani ya kifurushi moja kwa moja. Upande wa Debian, `dpkg-shlibdeps` huyageuza kuwa majina ya vifurushi wakati wa kujenga. Ndiyo maana .deb iliyotengenezwa nje ya Debian huvunjika jina la kifurushi likibadilika, hata kama maktaba yenyewe ni ileile.

DNF nayo ina jambo lake: vifurushi vingi vya `-devel` viko kwenye hazina ya CRB ambayo imezimwa, na EPEL (hazina ya vifurushi vya ziada) inategemea hazina hiyo. Kwenye Rocky na AlmaLinux 9 unaiwasha kwa `dnf config-manager --set-enabled crb`. Ukiona `nothing provides` baada ya kuongeza EPEL, anza hapo.

Tahadhari moja kuhusu autoremove

APT huhesabu maktaba iliyoingia kama kitegemezi cha kifurushi fulani kuwa mali ya kifurushi hicho. MySQL ya faili la tar inahitaji `libnuma.so.1`, na pengine ilikuwepo tayari kwa sababu kifurushi kingine kiliileta, kwa hiyo hukuisakinisha wewe. Siku kifurushi kile kinapoondolewa, `apt autoremove` itaiona libnuma haina mwenyewe na kuifuta, kwa haki kabisa, maana MySQL yako haimo kwenye daftari lake. mysqld itaendelea kufanya kazi, kwani imeshaipakia maktaba kwenye kumbukumbu. Itakataa siku utakapoiwasha upya, pengine miezi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kilichofutwa. Mara tu `ldd` inapokupa orodha ya maktaba za programu iliyo nje ya APT, zitie alama:

```
apt-mark manual libnuma1 libaio1t64
```

Kama umechelewa, `/var/log/apt/history.log` na nakala zake za zamani (`history.log.*.gz`) zina tarehe na jina la kila kilichoondolewa.